Majani Tunayoyachoma Kila Wiki: Somo la Nyungunyungu na Mboji

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Katika misikiti mingi, siku ya Ijumaa imamu husoma Suratul A'laa katika rakaa ya kwanza na Suratul Ghaashiya katika rakaa ya pili. Ni sunna iliyopokewa na An-Nu'maan bin Bashiir (R.A.) katika Sahihi Muslim, na sura hizo hizo husomwa katika swala za Idi. Wengi wetu huisoma Al-A'laa katika witri pia. Kwa hiyo ni sura tunayoisikia mara nyingi kuliko tunavyoifikiria. Katika aya yake ya nne na ya tano, Mola wetu anatajwa kuwa Yeye ndiye anayeyatoa malisho ardhini, kisha akayageuza kuwa makapi makavu yenye weusi.

Somo la leo linahusu malisho hayo kwa maana yake ya karibu kabisa: majani ya uwanja wetu wa chuo. Hapa Uganda mvua hutujia mara mbili kwa mwaka, kuanzia Machi hadi Mei na tena kuanzia Septemba hadi Novemba. Katika miezi hiyo uwanja hufyekwa karibu kila wiki. Majani yanakusanywa nyuma ya mabweni, yanaachwa yakauke kidogo, kisha yanatiwa moto. Moshi unaingia vyumbani na majivu yanaondoka na mvua ya kwanza. Na hatua chache kutoka hapo ipo bustani ya jumuiya yetu, ile inayotoa dodo, nakati na sukuma wiki kwa ajili ya futari. Bustani hiyo udongo wake umechoka, na kila msimu tunachukua fedha katika mfuko wa futari kununua mbolea.

Tunachoma kwa mkono mmoja kile tunachokinunua kwa mkono mwingine. Ninataka kuonyesha kwamba kuna njia ya kuyageuza majani hayo kuwa mboji kwa kutumia nyungunyungu. Pia nataka kujibu maswali ya fiqhi yaliyoulizwa baada ya darasa letu la Jumamosi, hasa lile la ndugu aliyesema: "Mboga iliyooteshwa kwa mavi ya mnyoo, mimi nitaila vipi na swala yangu itakuwaje?" Ni swali zuri, na anayeuliza swali kama hilo anastahili jibu, si kicheko.

1. Aya inatufundisha nini

Neno la Kiarabu katika aya ya tano ni ghuthaa. Maana yake ni yale makapi, majani makavu na takataka nyepesi ambazo maji ya mafuriko huzibeba juu yake. Neno linalofuata ni ahwaa, nalo linahusu rangi ya weusi. Wafasiri wana kauli mbili hapa. Iliyo maarufu zaidi ni kwamba majani yalikuwa ya kijani, kisha yakakauka na kuwa meusi kwa kuzeeka na kuoza. Kauli ya pili inasema kwamba weusi ni sifa ya majani yenyewe yakiwa mabichi, kwa sababu kijani kilichokolea sana huonekana kama cheusi.

Tukichukua kauli ya kwanza, tunaona kwamba kunyauka na kuwa meusi kumetajwa pamoja na kuumba na kukadiria, katika orodha ile ile ya matendo ya Mola. Kuoza si ajali wala si uchafu uliotokea kwa bahati mbaya. Ni sehemu ya mpango. Mkulima anapofukua chini ya lundo la majani la mwaka jana hukuta kitu cheusi, chepesi, chenye harufu ya udongo baada ya mvua. Hicho ndicho mboji. Malisho ya mwaka huu yanatoka katika weusi wa malisho ya mwaka jana.

2. Moto unachukua nini

Majani mabichi ya uwanjani ni maji kwa sehemu kubwa, takribani asilimia 80. Tukipima kilo 100 za majani yaliyofyekwa leo, yakikauka kabisa yatabaki kama kilo 20. Katika majani makavu ya namna hii, naitrojeni huwa kama asilimia 2 hadi 4. Tukichukua 3, tunapata takribani gramu 600 za naitrojeni. Mbolea ya dukani ya NPK 17-17-17 ina asilimia 17 ya naitrojeni. Ili upate gramu 600 kutoka humo unahitaji kilo tatu na nusu hivi za mbolea. Ni kweli kwamba naitrojeni ya majani hutoka polepole na ile ya dukani hutoka haraka, lakini hesabu hii inatosha kutufahamisha thamani ya lundo moja.

Moto ukiwaka, sehemu kubwa ya naitrojeni na karibu kaboni yote hupotea hewani. Majivu hubaki na potasiamu, chokaa na fosforasi kidogo, basi. Kile kinachoshika maji katika udongo na kuulainisha, yaani mabaki ya mimea yenyewe, hakipo tena.

Kuna jambo jingine katika lundo. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.) habari ya nabii mmoja miongoni mwa manabii aliyeumwa na sisimizi, akaamuru kichuguu chao kichomwe. Allah (S.W.) akamlaumu kwamba kwa kuumwa na sisimizi mmoja ameteketeza umma mzima unaomsabihi Mola wake. Na katika Sunan ya Abu Dawud kuna hadithi ya Ibn Mas'uud (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) aliona kichuguu cha sisimizi kilichochomwa na masahaba safarini, akawafahamisha kuwa kuadhibu kwa moto ni haki ya Mola wa moto peke yake.

Sisemi kwamba kuchoma majani ni haramu. Hadithi hizi zinazungumzia kuwalenga viumbe kwa moto, na mkulima anaweza kuwa na dharura yake. Lakini lundo lililokaa siku nne lina sisimizi, buibui, mende wa ardhini na viumbe tusivyovijua majina. Ikiwa ipo njia nyepesi ya kuyatumia majani bila kuwateketeza, na njia hiyo inatuletea manufaa, basi Mwislamu hana sababu ya kung'ang'ania kibiriti. Ukiongeza makatazo ya israfu katika Suratul A'raaf aya ya 31 na Suratul An'aam aya ya 141, ambayo inataja mazao na haki yake siku ya kuvuna, picha inakamilika.

3. Nyungunyungu wetu ni yupi

Tuondoe hofu kwanza. Nyungunyungu si mnyoo wa tumboni. Haishi ndani ya mtu wala hamletei mtu minyoo. Hana meno wala macho, lakini ngozi yake huhisi mwanga na humfanya akimbilie gizani. Anapumua kwa ngozi hiyo hiyo, na kwa sababu hiyo lazima awe na unyevu wakati wote. Ngozi ikikauka, anakufa kwa kukosa hewa.

Wanasayansi huwagawa nyungunyungu katika makundi matatu kwa makazi yao. Wapo wanaochimba mashimo marefu ya wima, wapo wanaoishi ndani ya udongo na kula udongo, na wapo wanaoishi juu juu katika majani yanayooza na samadi. Kwa kazi yetu tunawataka wa kundi la tatu tu. Anayejulikana zaidi duniani ni yule mwekundu aitwaye Eisenia fetida. Yupo pia Eudrilus eugeniae, ambaye asili yake ni Afrika Magharibi na hupenda joto zaidi. Ukichukua wale wakubwa, weupe weupe, wanaotoka shambani unapolima, ukawaweka kwenye kreti, watatoroka au watakufa. Mahali pa kuwatafuta wanaofaa ni chini ya samadi ya zamani au chini ya shina la mgomba linalooza. Tafuta wembamba, wekundu, wanaokaa karibu na uso wa juu.

Kila nyungunyungu ana viungo vya kiume na vya kike, lakini kwa kawaida huhitaji mwenzake ili azae. Huacha vifuko vidogo vya mayai vyenye umbo la limau na rangi ya manjano iliyofifia. Kifuko huanguliwa baada ya wiki tatu hivi, na wanaotoka hukomaa kwa wiki nyingine sita hadi kumi. Wakitunzwa vizuri, idadi yao huongezeka maradufu ndani ya miezi miwili au mitatu. Kwa chakula, nusu kilo ya nyungunyungu waliozoea mahali huweza kumaliza hadi robo kilo ya chakula kwa siku.

4. Kwa nini majani mabichi yanaweza kuwaua

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa. Mtu anasikia kwamba nyungunyungu wanakula majani, anachukua toroli zima la majani yaliyofyekwa asubuhi, anawamwagia, na baada ya siku tatu anakuta wamekufa wote na kreti inanuka. Anasema jambo hili halifanyi kazi. Kumbe sababu zinajulikana.

Sababu ya kwanza ni joto. Majani mabichi yakirundikwa, vijidudu vya kuoza hufanya kazi kwa nguvu na kutoa joto. Lundo kubwa huweza kupita nyuzi 50 za Selsiasi ndani ya siku chache. Nyungunyungu wekundu hupenda nyuzi 15 hadi 25, na zikipita 35 wanaanza kufa.

Sababu ya pili ni hewa. Majani membamba yenye maji hushikana kama mkeka. Hewa haipiti, na kuoza bila hewa ndiko kunakoleta harufu mbaya.

Sababu ya tatu ni uwiano wa kaboni na naitrojeni. Mboji hutengenezwa vizuri pale kaboni inapokuwa takribani mara 25 hadi 30 ya naitrojeni. Majani ya uwanjani huwa na mara 15 hadi 20 tu, yaani naitrojeni imezidi. Ile iliyozidi hutoka kama amonia, gesi yenye harufu kali inayochoma pua, na ngozi laini ya nyungunyungu haiivumilii.

Dawa ya zote tatu ni rahisi: kuyanyausha majani kwanza, kuyachanganya na vitu vikavu, na kuyaweka kidogo kidogo.

5. Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

Kwanza, chombo. Kreti la plastiki au sanduku la mbao lenye kina cha sentimita 30 hivi linatosha. Jerikani la lita 20 lililokatwa ubavuni na kulazwa linafaa kwa anayeanza chumbani au nyumbani. Toboa matundu madogo chini na pembeni ili maji yatoke na hewa iingie. Weka chombo kivulini mahali pasipopigwa na mvua. Kisikae uani mwa msikiti wala karibu na mahali pa kutawadhia, kwa sababu tutakazozieleza chini.

Pili, matandiko. Chana maboksi yasiyo na gundi nyingi wala rangi ya kung'aa, au katakata majani makavu ya mgomba ambayo hapa kwetu hayana bei. Yaloweshe, yakamue, kisha yajaze hadi robo tatu ya chombo. Ongeza konzi mbili za udongo, maana nyungunyungu husaga chakula tumboni kwa chembe za mchanga. Kipimo cha unyevu ni mkono wako: ukikamua matandiko yatoke matone machache tu. Yakitiririka, maji yamezidi. Yasipotoka kabisa, yamepungua.

Tatu, waweke nyungunyungu juu ya matandiko na uwaache wazame wenyewe. Usiwape chakula kingi kwa siku za mwanzo. Nusu kilo inatosha kuanzia kwa chombo kimoja.

Nne, tayarisha majani. Yatandaze juani siku mbili au tatu mpaka yanyauke na kupoteza ukijani wake mkali. Njia nyingine ni kuyarundika nje pamoja na majani makavu kwa wiki moja hadi mbili, ukiyageuza, mpaka joto lake lipande na kushuka. Njia hii ya pili ina faida zaidi ikiwa majani yana mbegu, kwa sababu joto la lundo huua mbegu nyingi za magugu. Katika chombo cha nyungunyungu hakuna joto hilo, na mbegu hupita salama, kisha zinaota kwenye tuta lako la sukuma.

Tano, lisha kwa tabaka jembamba, sentimita mbili au tatu, upande mmoja wa chombo. Juu yake tandaza karatasi zilizochanwa au majani makavu ya mgomba. Usiongeze mpaka uone tabaka la kwanza limeanza kutoweka. Maganda ya matoke kutoka jikoni yanachanganyika vizuri na majani. Usitie nyama, maziwa, mafuta, chakula chenye chumvi, wala malimau na machungwa kwa wingi.

Sita, uliza kabla ya kuchukua. Uwanja uliopuliziwa dawa ya kuua magugu usichukue majani yake. Baadhi ya dawa hizo hukaa muda mrefu, hupita katika mboji bila kuharibika, na huja kuiharibu nyanya na maharage msimu unaofuata.

Saba, vuna baada ya miezi mitatu hivi. Anza kulisha upande mmoja tu, na kwa wiki mbili au tatu nyungunyungu wengi watahamia huko. Kisha toa mboji ya upande wa pili. Au mimina yote juu ya turubai mahali penye mwanga, ufanye vichungu vidogo, usubiri dakika kumi. Nyungunyungu watakimbia mwanga kuelekea chini. Kwangua juu, subiri tena, kwangua tena, mwisho utabaki na nyungunyungu wenyewe, uwarudishe kwenye matandiko mapya.

Kwa matumizi, konzi moja katika kila shimo la kupandia inatosha. Kwa kitalu cha miche, sehemu moja ya mboji kwa sehemu nne za udongo. Maji meusi yanayotoka chini ya chombo yapunguzwe makali kwa maji mara kumi na yamwagwe ardhini kwenye mizizi, si juu ya majani ya mboga tunazokula.

6. Kusoma dalili

Chombo kikinuka, chakula kimezidi au hewa haipiti. Acha kulisha, chambua polepole kwa mkono na ongeza vitu vikavu. Nyungunyungu wakipanda kuta wakitaka kutoka, chunguza joto, maji yaliyotuama au amonia. Nzi wadogo wakijaa, funika chakula vizuri zaidi.

Adui mkubwa hapa kwetu ni siafu. Wakiingia usiku, asubuhi hukuti kitu. Weka miguu ya meza ya kreti ndani ya makopo yenye maji na tone la mafuta, na hakikisha hakuna jani lililogusa ukuta likawa daraja. Kuku nao wanampenda nyungunyungu kuliko mahindi, kwa hiyo funika kwa wavu wa waya au gunia.

7. Mas-ala ya fiqhi

Sasa turudi kwa ndugu yetu na swali lake. Wengi wetu Afrika Mashariki tumesoma fiqhi ya Imam Shafi'i (R.A.), basi tuanzie humo.

Mas-ala ya kwanza: je, mboji hii ni najisi? Katika madhehebu ya Shafi'i, kinyesi cha wanyama wote ni najisi, wawe wanaliwa au hawaliwi. Kauli iliyo sahihi zaidi ndani ya madhehebu inaingiza hata kinyesi cha samaki na nzige. Kwa kanuni hiyo, kinachotoka kwa nyungunyungu kinahesabiwa najisi, na samadi ya ng'ombe vilevile. Malik na Ahmad wameona kwamba kinyesi cha mnyama anayeliwa ni twahara. Mahanbali wameongeza kuwa mdudu aliyetokana na kitu twahara na asiye na damu inayotiririka, kama wanavyowahesabu wadudu, kinyesi chake ni twahara pia. Kwa hiyo jambo lina hitilafu ya wanazuoni, na anayefuata Shafi'i atachukua tahadhari.

Tahadhari yenyewe si ngumu. Kuwa na nguo ya kazi mbali na nguo ya swala, vaa glavu, nawa mikono vizuri, na usiweke chombo mahali pa ibada. Kumbuka pia kwamba kugusa najisi hakutengui udhu. Unaosha mahali palipoguswa, basi. Wengi hulichanganya jambo hili. Na hata kwa anayefuata kauli ya twahara, kunawa ni lazima kiafya, kwa kuwa chombo hakina joto la kuua vijidudu vya maradhi.

Mas-ala ya pili: je, mboga yake inaliwa? Inaliwa. Imam An-Nawawi katika Al-Majmu' ameeleza kwamba mmea uliootea katika najisi hauwi najisi kwa dhati yake. Sehemu iliyogusana na najisi huoshwa, na kinachochipuka kutoka kwenye mmea, kama suke na nafaka yake, ni twahara. Kurutubisha ardhi kwa samadi nako kunajuzu, ingawa wamo walioona karaha. Imepokewa pia kwamba Sa'd bin Abi Waqqaas (R.A.), mmoja wa masahaba kumi waliobashiriwa Pepo, alikuwa akibeba mwenyewe kapu la mbolea ya kinyesi kupeleka shambani kwake, akilihesabu kuwa litamrudishia kapu la ngano. Ndugu yangu, osha sukuma yako, kata, pika, kula, na swala yako iko salama.

Mas-ala ya tatu ndiyo yenye uzito kwa jumuiya yetu, maana limetolewa pendekezo la kuuza mboji ili kuongeza mfuko wa futari. Mashafi'i hawajuzishi kuuza kitu ambacho dhati yake ni najisi, ikiwemo samadi. Mahanafi wameijuzisha biashara ya samadi kwa sababu watu wananufaika nayo. Kwa upande wa nyungunyungu wenyewe, Mashafi'i wamekataza kuuza wadudu wasio na manufaa, lakini wamewatoa katika katazo hilo nyuki, mdudu wa hariri, na ruba aliyekuwa akitumika kunyonya damu, kwa sababu ya manufaa yao. Nyungunyungu wa mboji anafanana na hao kwa manufaa yanayojulikana.

Kwa mboji yenyewe, wanazuoni wa Kishafi'i wametaja njia ya mtu kupokea malipo ili aondoe mkono wake katika haki aliyonayo, bila kuiita bei. Njia nyingine ni kupokea ujira wa kazi, kama kubeba na kuchekecha. Pendekezo langu ni jepesi zaidi. Mboji tuitumie sisi wenyewe, tuuze mboga na miche ambayo haina ubishi, na inayobaki tuwagawie majirani wa chuo bure. Fedha za futari ni amana, na lililo mbali na shaka ndilo linalozifaa. Hata hivyo, neno la mwisho walitoe mashekhe wetu, na viongozi wa jumuiya wawaulize kabla ya kuamua.

8. Haki ya tuliyemweka ndani

Mtume (S.A.W.) alitufahamisha habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia, hakumpa chakula, wala hakumwacha akajitafutia mwenyewe. Hadithi imo katika Bukhari na Muslim. Nyungunyungu shambani ana uwezo wa kuzama chini jua likiwa kali. Ndani ya kreti hana pa kwenda. Tukimweka humo, unyevu wake, kivuli chake na chakula chake vimekuwa juu yetu.

Hapa pana mtihani wa kweli kwa wanafunzi. Likizo ikija, sote tunaondoka. Mradi wowote wa viumbe hai usiopangiwa zamu za likizo ni bora usianzishwe. Kabla ya kuomba kreti la kwanza, tuandike majina ya watakaobaki na siku zao. Kreti lililojazwa matandiko mapya, likapewa chakula cha kutosha na kufunikwa vizuri kivulini, linaweza kukaa wiki mbili bila mtu. Halikai miezi miwili.

Na kinyume cha adhabu ile ni malipo. Mtume (S.A.W.) alimtaja mtu aliyemnywesha mbwa mwenye kiu akasamehewa, na akaeleza kuwa katika kumtendea wema kila kiumbe chenye uhai kuna ujira. Vilevile alitueleza kwamba Mwislamu akipanda mti au mmea, akala humo ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Fikiria sahani moja ya dodo mezani wakati wa futari: ndani yake mna majani yaliyookolewa na moto, nyungunyungu aliyelishwa, mwanafunzi aliyekuja zamu, na aliyefunga anayekula. Ujira wa wote hao unatoka kwenye lundo tuliloliona takataka.

Hitimisho

Mambo ya kushika ni matatu. Majani yanyaushwe kabla ya kulishwa. Tahadhari ya twahara ifuatwe bila wasiwasi uliopita kiasi. Na asianze mtu bila zamu ya likizo. Ijumaa ijayo imamu akifika aya ya nne na ya tano ya Suratul A'laa, tukumbuke kwamba malisho yanayotajwa yapo nje ya dirisha la msikiti, na weusi wake unasubiri kutumika.

Maswali ya kujadili katika halaka

1. Eleza kauli mbili za wafasiri kuhusu neno ahwaa. Kila kauli inaathiri vipi maana ya aya?
2. Kuna tofauti gani kati ya kitu ambacho dhati yake ni najisi na kitu kilichoguswa na najisi? Toa mfano kutoka bustanini.
3. Kwa nini Mashafi'i walijuzisha kuuza mdudu wa hariri na wakakataa kuuza samadi, ilhali vyote vina manufaa?
4. Je, hadithi za sisimizi zinatosha kuwa dalili ya kuharamisha kuchoma majani? Tetea jibu lako.
5. Pangeni zamu ya likizo ya wiki sita kwa kreti mbili na watu watano.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.